Presha Haina Dozi ya Kumaliza

Mama yangu alipopewa vidonge vya presha kwa mara ya kwanza, alivimeza kwa utiifu wa mwanafunzi wa darasa la kwanza: kimoja kila asubuhi baada ya chai, bila kuruka hata siku moja. Vilikuwa 30. Alipomeza cha mwisho alitupa pakiti, akaendelea na shughuli zake. Miezi miwili baadaye tukapima, namba ziko juu kuliko zilivyokuwa mwanzo. Nikamuuliza kwa nini ameacha dawa. Akanishangaa. "Nimeacha wapi, mwanangu? Nilimaliza dozi."

Simlaumu. Sisi tumelelewa na malaria. Dawa ya mseto unameza asubuhi na jioni kwa siku tatu, umemaliza, umepona, na ukikatisha njiani unagombezwa. Antibayotiki nazo siku tano, siku saba, basi. Neno dozi kwetu limezaliwa na mwisho wake. Presha haina mwisho wa namna hiyo, na kwenye dirisha la dawa lenye foleni si kila mara mtu anapata nafasi ya kukueleza.

Haya niliyoyaandika hapa ni kwa ajili ya aliye kama mama, au mtoto wake anayemtunza. Ni mambo ya kufanya nyumbani, na mengine ya kwenda kuuliza kliniki. Hayachukui nafasi ya daktari wako, ila yatakusaidia usifike kwake mikono mitupu.

Ujue kwanza unapima nini

Moyo ukijikunja unasukuma damu kwenye mishipa, ukilegea unajaa damu nyingine. Mishipa inasukumwa muda wote huo, kwa nguvu zaidi moyo unapojikunja na kwa nguvu kidogo unapolegea. Ndizo namba mbili unazotajiwa, ya juu na ya chini, kama 120 kwa 80. Kipimo ni milimita za zebaki, kwa sababu mashine za zamani zilikuwa na bomba la zebaki ukutani. Mkanda wa kufunga mkononi aliubuni Mwitaliano Scipione Riva-Rocci mwaka 1896, na mwaka 1905 daktari Mrusi Nikolai Korotkoff akaeleza sauti zinazosikika kwenye mshipa mkanda unapolegezwa. Ndizo hizohizo muuguzi anazozisikiliza mpaka leo akikuwekea stetoskopu karibu na kiwiko.

Mtaani tuna presha mbili, ya kupanda na ya kushuka. Wengi wanaojisema wana ya kushuka wamepata kizunguzungu tu na hawajapimwa. Kizunguzungu kinaweza kuwa njaa, upungufu wa damu, au maji kupungua mwilini baada ya kuharisha. Hiyo ni habari nyingine. Hapa nazungumzia ya kupanda.

Inatoka wapi? Kwa watu wengi sana, takriban tisa katika kila kumi, hutaonyeshwa chanzo kimoja. Ni umri, ukoo, chumvi, uzito, pombe na kukaa kitako, vyote vikichangiana mpaka mishipa ikakakamaa na figo zikashindwa kutoa chumvi ya ziada. Kwa wachache chanzo kinapatikana: ugonjwa wa figo, mshipa wa figo uliosinyaa, au tezi zilizokaa juu ya figo. Kijana wa miaka 25 akikutwa na 170 kwa 110 asiridhike na vidonge peke yake, aombe atafutiwe chanzo.

Halafu kuna chanzo ambacho wengi tunakinunua wenyewe. Diklofenaki tunayomeza kwa ajili ya mgongo na magoti hupandisha presha, na ibuprofeni pia. Prednisolone na dexamethasone hupandisha, zikiwemo zile ambazo wengine huzimeza kimyakimya ili wanenepe. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili huweza kupandisha, na dawa za mafua za kuzibua pua vilevile. Kama unameza mojawapo, itaje kliniki hata usipoulizwa.

Na mawazo je? "Usinipandishe presha" tunaambiana kila siku. Ni kweli hasira na hofu huipandisha kwa muda. Lakini nimeona watu wapole, wasiogombana hata na kuku, wana 180. Ukisema presha ni mawazo tu, utangoja mawazo yaishe ndipo uanze dawa, na mawazo hayaishi.

Hatua ya 1: Pima, usijisikilize

Presha kubwa kwa kawaida haina dalili. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu wazima bilioni 1.28 wa miaka 30 hadi 79 wanayo, na kwamba asilimia 46 kati yao hawajui. Hawajui kwa sababu hawaumwi. Kichwa kinaweza kukuuma presha ikiwa sawa kabisa, na kinaweza kisikuume ikiwa 190. Kwa hiyo ile "leo naisikia imepanda" si kipimo, na "leo najisikia mzima" si ruhusa ya kuacha kidonge.

Mtu mzima yeyote apime walau mara moja kwa mwaka. Mwenye kisukari, mwenye uzito mkubwa, au aliyezaliwa na wazazi wenye presha, apime mara nyingi zaidi.

Hatua ya 2: Chagua mashine

Ukiweza kununua, nunua ya kufunga mkono wa juu, kati ya bega na kiwiko. Za kifundo cha mkono zinavutia kwa udogo wake lakini huyumba, kwa sababu ukishusha mkono kidogo tu namba inabadilika.

Kabla hujalipa, angalia mkanda. Chukua utepe wa fundi cherehani, zungushia katikati ya mkono wa juu, usome sentimita. Mkanda wa kawaida mara nyingi umeandikwa 22 hadi 32. Mwenye mkono mnene zaidi ya hapo anahitaji mkanda mkubwa, la sivyo ataonekana ana presha asiyokuwa nayo. Kosa hili ni la kawaida kuliko tunavyodhani, hata kwenye vituo, maana kituo kinakuwa na mkanda mmoja na wagonjwa wa kila umbo. Una haki ya kuuliza kwa adabu, "Samahani dada, huu mkanda si mdogo kwangu?"

Ukishanunua, ibebe siku moja ukaipime sambamba na ya kliniki. Rudia kila mwaka. Na betri zikichoka badilisha, usisubiri mashine ianze kutaja namba za ajabu.

Hatua ya 3: Namna ya kukaa

Hapa ndipo namba nyingi zinapoharibika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Nusu saa kabla ya kupima usinywe kahawa wala chai ya rangi kali, usivute sigara, usitoke kubeba ndoo. Nenda haja ndogo kwanza, maana kibofu kilichojaa hupandisha namba. Keti kwenye kiti chenye egemeo, si kitandani wala kwenye kigoda. Mgongo uegemee, miguu yote ikanyage chini, usikunje nne. Mkono uulaze mezani kiganja juu, mkanda ukae usawa wa moyo. Meza ikiwa fupi weka mto. Mkanda ufungwe juu ya ngozi. Ukiupitisha juu ya sweta, au ukiviringisha mkono wa shati ukabana, namba haitaaminika. Ukingo wa chini wa mkanda uwe vidole viwili juu ya kiwiko.

Sasa tulia dakika tano. Kweli tano. Mama huzitumia kuvuta tasbihi, jirani yetu huziimbia tenzi, mimi hutazama dari. Simu iwe mbali. Kisha bonyeza, na usizungumze mpaka mashine imalize. Hili la kunyamaza ndilo gumu kuliko yote nyumbani kwetu, kwa sababu mashine ikianza kubana ndipo watu wanapokumbuka kumuuliza mama funguo ziko wapi.

Subiri dakika moja, upime tena. Andika zote mbili. Mara ya kwanza kabisa pima mikono yote miwili, na kuanzia hapo tumia ule uliotoa namba kubwa.

Hatua ya 4: Wiki moja, daftari moja

Kipimo kimoja hakitoshi kumpa mtu ugonjwa, na hakitoshi kumvua. Pima asubuhi kabla ya dawa na chakula, pima jioni, mara mbili kila kipindi, kwa siku saba. Siku ya kwanza usiihesabu, huwa na wasiwasi wa ugeni. Zilizobaki jumlisha za juu kivyake na za chini kivyake, ugawe kwa idadi, upate wastani.

Daftari la kawaida la shule linatosha: tarehe, saa, namba ya juu, namba ya chini, mapigo ya moyo, na nafasi ya maneno machache kama "sikulala" au "nimesahau kidonge cha jana". Usifute namba mbaya. Kuna kishawishi cha kurudia kupima mpaka ipatikane inayopendeza, halafu hiyo ndiyo iandikwe. Daktari akilisoma daftari la namna hiyo atakuacha na dawa isiyokutosha.

Hatua ya 5: Soma namba

Ikipimwa kliniki, 140 au zaidi kwa juu, au 90 au zaidi kwa chini, kwa siku mbili tofauti, ni presha. Angalia hilo "au": moja ikivuka inatosha, si lazima zote. Kwa wastani wa nyumbani mpaka ni 135 kwa 85, kwa kuwa nyumbani mtu ametulia zaidi.

Mwenye ndugu Marekani anaweza kuambiwa mpaka ni 130 kwa 80. Madaktari wa kule waliushusha mwaka 2017. Msibishane kwenye simu, ni miongozo miwili tofauti. Ulizia kituo chako kinafuata upi, na wewe mwenyewe unatakiwa ufikie ngapi, kwa sababu mwenye kisukari, figo au aliyewahi kupata kiharusi mara nyingi hutakiwa kushuka chini ya 130.

Wapo ambao kliniki husoma 160 na nyumbani 125. Wakiona koti jeupe tu moyo unaenda mbio. Wapo pia wa kinyume chake, kliniki safi, nyumbani mbaya, na hao ndio wa kuhofia maana hakuna anayewashtukia. Daftari huwaumbua wote.

Hatua ya 6: Chumvi, na hapa tuingie jikoni

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko cha chai kisichojaa, tena kwa kila kitu alichokula, mkate na mchuzi pamoja. Lakini nani anapima kijiko wakati anapikia watu sita? Mimi natumia hesabu ya pakiti. Nyumba ya watu wazima watano haitakiwi kuvuka gramu 25 kwa siku. Pakiti ya nusu kilo basi idumu siku 20 kwa uchache. Andika tarehe juu ya pakiti siku unapoifungua. Ya kwetu ilikuwa ikiisha siku ya tisa, na mama alikuwa akiapa kwamba hapendi chumvi.

Ilikuwa inakwenda wapi? Wa bara kidogo wana nafuu, ugali hausongwi na chumvi, kwa hiyo chumvi yote iko kwenye mboga. Sisi wa pwani tunaitia kwenye wali wa nazi, tunaitia tena kwenye mchuzi, kisha samaki alikwisha kupakwa chumvi kabla ya kukaangwa, na kachumbari nayo imenyunyiziwa. Mlo mmoja, chumvi mara nne. Tulianza na wali, ukapikwa bila chumvi kabisa. Wiki ya kwanza kulikuwa na malalamiko. Wiki ya nne mgeni alipika kwa mkono wake wa zamani, tukashindwa kula. Ulimi hujifunza, ila punguza taratibu, robo kwa robo, usiiondoe yote siku moja watu wakakususia chakula.

Kuna chumvi zinazojificha. Vidonge na unga wa kukolezea supu ni chumvi iliyotiwa harufu. Sosi nyeusi, achari, karanga za kukaanga za dukani, soseji, tambi za pakiti. Ng'onda na samaki wengine wa chumvi: lowesha usiku kucha, mwaga maji, lowesha tena, na hata hivyo wawe wa siku mojamoja. Na magadi. Tunayatia kwenye mlenda, kwenye maharage magumu, kwenye makande, tukiamini kwamba si chumvi kwa kuwa hayana ladha ya chumvi. Magadi yamejaa sodiamu, ileile inayotufanya tuikimbie chumvi. Maharage yaloweshwe tangu usiku, yataiva bila hayo. Hata dawa za kiungulia zinazotoa povu kwenye glasi zina sodiamu.

Usidanganywe kuhusu chumvi ya waridi, chumvi ya mawe wala ya baharini "isiyo na madhara". Ni chumvi. Zaidi ya hayo, nyingi kati ya hizo hazina madini joto, na ukizizoea unajiondolea kinga ya goita. Baki na ya pakiti yenye madini joto, ila kidogo.

Ladha itafutwe kwingine: ndimu, ukwaju, tangawizi, kitunguu saumu, bizari, pilipili, nyanya iliyokaangwa mpaka ikakolea. Pwani hatuna udhuru, viungo vimejaa kabatini.

Mboga za majani, kunde, maharage, ndizi, viazi vitamu na madafu vina potasiamu, nayo husaidia kushusha presha. Isipokuwa kwa mwenye figo mbovu, au anayetumia dawa za presha za losartan au enalapril: huyo asianze kutumia chumvi mbadala ya potasiamu bila kuuliza, kwani potasiamu ikizidi kwenye damu huvuruga mapigo ya moyo.

Hatua ya 7: Mwili wenyewe

Fupi. Tembea kwa haraka dakika 30, siku tano za wiki, ile haraka ya mtu aliyechelewa daladala. Kilo chache zikipungua namba hupungua nazo. Pombe ipungue au iachwe. Sigara haipandishi presha ya kudumu kama watu wanavyodhani, ila inaharibu mishipa ileile ambayo presha inaibomoa, na viwili hivyo vikikutana moyo hauna pa kukimbilia.

Hatua ya 8: Vidonge

Wengine hushuka kwa chakula na kutembea peke yake. Wengi hawashuki, na hilo si kosa lao.

Dawa za kawaida utakazokutana nazo ni za makundi machache. Amlodipini hulegeza mishipa, na kwa baadhi huvimbisha vifundo vya miguu. Hydrochlorothiazide na bendrofluazide hutoa chumvi na maji kwa mkojo, kwa hiyo zimezwe asubuhi kama hutaki kuamka usiku. Enalapril, captopril na lisinopril kwa baadhi ya watu huleta kikohozi kikavu kisichosikia dawa yoyote ya kifua. Kuna watu wamepimwa kifua kikuu mara mbili, kumbe ni kidonge. Losartan hufanya kazi inayofanana na hizo na mara nyingi haina kikohozi hicho. Ukipewa aina mbili tangu mwanzo usiogope ukadhani umezidiwa. Dozi ndogo za dawa mbili mara nyingi hufanya vizuri kuliko dozi kubwa ya moja, na madhara yake ni machache.

Madhara yakikukera, rudi ubadilishiwe. Usiache kimya. Wanaume hasa huacha kimya, kwa sababu ya nguvu za kiume, kisha wanaona aibu kusema. Semeni. Baadhi ya dawa huhusika, zipo za kubadilisha, na presha isiyotibiwa nayo huharibu mishipa ya huko huko.

Meza saa ileile kila siku. Asubuhi au usiku, chagua utakaoukumbuka, uufunge na jambo lisilokosekana: mswaki, swala ya alfajiri, taarifa ya habari. Ukisahau, meza ukikumbuka siku hiyohiyo. Ukikumbuka kesho yake, meza kimoja tu, usifidie kwa viwili. Ramadhani ikikaribia nenda kliniki wiki mbili kabla. Dawa ya mara moja kwa siku huhamishwa kwa urahisi kwenda futari au daku, lakini ya mara tatu inahitaji mpango mpya, na wengine wanahitaji kuambiwa wazi kwamba mwaka huu wasifunge.

Usimpe jirani yako kidonge chako kwa kuwa "na yeye ana presha". Pengine ana pumu, na atenolol, dawa nyingine ya presha, itambana kifua. Pengine ni mjamzito.

Kitunguu saumu, mchaichai, juisi ya rozela, kunywa ukipenda, rozela huweza kushusha kidogo. Vikae pembeni ya kidonge, visikae mahali pake. Hali ni hiyohiyo kwa maombi na dua. Sijui kiongozi wa dini mwenye hekima anayemwambia mtu atupe dawa.

Na namba zikishakuwa nzuri? Zimekuwa nzuri kwa sababu unameza. Daktari anaweza kupunguza ukipungua uzito sana au ukibadilika sana, lakini ni yeye anayepunguza, akiwa na daftari lako mkononi.

Mjamzito ana kanuni zake

Kila hudhurio la kliniki ya wajawazito presha ipimwe, na mkojo upimwe protini. Baada ya wiki ya 20 mimba yenyewe inaweza kupandisha presha, hata kwa msichana ambaye hajawahi kuwa nayo. Kichwa kikali, macho kuona ukungu au vimulimuli, maumivu chini ya chembe ya moyo, uso na mikono kuvimba ghafla: usingoje tarehe ya kadi, nenda siku hiyohiyo, hata usiku. Kinachofuata ni kifafa cha mimba. Degedege hiyo si mashetani na haisubiri mganga. Hospitali zina sindano ya magnesiamu salfeti ya kuizuia na kuitibu.

Enalapril, captopril, lisinopril na losartan hazitakiwi katika mimba kwa sababu zinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Mwenye presha anayepanga kuzaa aende abadilishiwe mapema, kwa mfano apewe methyldopa.

Wakati wa kuacha kupima na kukimbia

Ukikuta 180 kwa 120 au zaidi na hujisikii chochote kibaya, kaa, tulia dakika tano, pima tena. Ikibaki hapo, nenda kituo siku hiyo. Usitoboe kidonge cha nifedipini ukakimiminia chini ya ulimi, kama ilivyokuwa ikifanywa zamani. Presha ikiporomoka kwa ghafla ubongo na moyo hukosa damu, na watu wamepata kiharusi kwa kuokolewa namna hiyo.

Namba hizo zikija na maumivu ya kifua, kukosa pumzi, kuchanganyikiwa, kupoteza kuona au kichwa kikali kisicho cha kawaida, hapo ni dharura. Tafuta gari sasa.

Kiharusi hakihitaji mashine. Mwambie acheke: mdomo umekwenda upande? Ainue mikono yote: mmoja unashuka? Aseme sentensi nyepesi: maneno yanaburuzika? Moja tu likijibu ndiyo, ondokeni. Angalia saa alipoonekana mzima kwa mara ya mwisho, mwandikie muuguzi kwenye karatasi, kwa sababu dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, mahali ilipo, hutolewa ndani ya saa nne na nusu tu. Usimpe maji wala uji, koo linaweza kuwa limepooza akapaliwa. Usimpe aspirini, maana kiharusi kingine ni mshipa uliopasuka, na aspirini itaongeza kuvuja. Kumkanda kwa mafuta, kumfukiza, kumpeleka kwa mtu wa kumtoa jini, yote hayo ni saa zinazopotea barabarani.

Siku ya kliniki

Beba daftari, beba pakiti zote, hata za diklofenaki na za mitishamba, usitegemee kumbukumbu ya "vile vyeupe vidogo". Omba walau mara moja kwa mwaka upimwe mkojo kwa protini, kreatinini ya figo na sukari. Ikiwezekana upimwe mafuta ya damu, umeme wa moyo na macho pia. Figo na macho huharibika kimya kama presha yenyewe. Mwanzoni utaitwa kila mwezi mpaka namba zitulie, baadaye kila miezi mitatu hadi sita.

Na usiende siku kidonge kinapoisha. Nenda vikiwa vimebaki saba, kwa sababu utakuta dawa imekwisha ghalani, au foleni ndefu, au mvua, au ni Ijumaa mchana. Ukikosa kituoni, andikiwa jina kamili na miligramu, ukanunue duka la dawa lenye kibali, pakiti iwe imefungwa na tarehe inasomeka.

Nyumbani kwetu pakiti inakaa juu ya friji, karibu na daftari. Vikibaki saba mama hunipigia simu, mara nyingi usiku nikiwa nimeshalala: "Mwanangu, dozi inakaribia kuisha." Bado anaiita dozi. Nimeacha kumsahihisha, naamka naandika tarehe ya kwenda.